Bei ya Mlango wa Gereji Imo Katika Uzito Wake

Kitu kikubwa kuliko vyote vinavyosogea katika nyumba ya Kimarekani ni mlango wa gereji. Mlango wa kawaida wa magari mawili una upana wa futi 16 na kimo cha futi 7, yaani karibu mita 5 kwa mita 2.1. Ukiwa wa chuma uliojazwa povu la kuzuia baridi, uzito wake hufika kilo 70 hadi 100. Watoto hupita chini yake wakienda shule, magari huingia na kutoka, na wengi wetu tuliohamia huku kutoka Afrika Mashariki tunaurithi pamoja na nyumba tuliyonunua. Tunabonyeza kitufe, unapanda, tunasahau. Unapogoma ndipo tunapoletewa bei, na mara nyingi bei hiyo huwa jumla moja tu chini ya karatasi, bila maelezo. Kwa mtu aliyekulia Tanga kama mimi, ambako geti huchomelewa na fundi wa mtaani mbele ya macho yako na kila bomba umelinunua mwenyewe dukani, jumla ya namna hiyo inatia mashaka.

Nyumba yetu iko Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, katika mtaa wenye Waliberia, Wahmong na Wakenya wengi. Ilijengwa miaka ya 1990, na gereji yake imeshikana na nyumba. Juu yake kuna chumba cha watoto. Usiku mmoja wa Januari, baridi ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, tuliamshwa na mshindo mmoja mkali. Mke wangu alidhani mtu amevunja dirisha. Tulizunguka nyumba nzima tukakuta kila kitu kizima, tukarudi kulala. Asubuhi alipobonyeza kitufe ili aende kazini, mlango uliinuka kiasi cha kiganja ukakwama. Anauguza wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu yake huanza saa kumi na mbili, na anayetoka zamu ya usiku hawezi kuondoka mpaka mwenzake afike. Gari lilikuwa ndani. Nilijaribu kuuinua mlango kwa mikono, haukutikisika. Akaja kuchukuliwa na mfanyakazi mwenzake.

Fundi tuliyemwita alikuwa kijana wa Kikenya, mtu wa Kisii, mmoja wa wengi kutoka kule walioweka makazi Minnesota. Alitazama juu ya mlango, akanionyesha chuma kilichojizungusha kwenye shafti, kimekatika katikati na kuacha pengo la vidole viwili.

"Kaka, usijaribu tena kuinua hii," aliniambia. "Na hiyo mota usiibonyeze, utaiunguza."

"Si mota ndiyo inayobeba mlango?"

"Hapana. Springi ndiyo inabeba. Mota inasindikiza tu."

Jibu hilo ndilo lililonifungulia hesabu yote iliyofuata. Mlango wa gereji hutundikwa kwa mizani. Springi iliyosokotwa juu ya mlango imehifadhi nguvu karibu sawa na uzito wote wa mlango. Shafti ikizunguka, ngoma mbili za pembeni hukunja kebo zilizofungwa chini kabisa ya mlango, na mlango huja juu. Springi ikiwa nzima ni kama hamali wa pili aliyeshika upande wake wa gunia: mtoto wa miaka kumi anaweza kuuinua mlango wa kilo 90 kwa mkono mmoja. Springi ikikatika, kilo zote 90 zinakurudia wewe. Ndiyo maana mota yenye nguvu ndogo tu inatosha kwa kazi ya kila siku, na ndiyo maana haifui dafu siku ambayo springi haipo.

Mfumo huu una umri wa karne moja. Mlango unaopanda na kulala chini ya dari ulibuniwa na Mmarekani C. G. Johnson mwaka 1921, na mwaka 1926 yeye huyohuyo akaleta mota ya umeme ya kuufungua. Tangu hapo mambo mengi yameboreshwa, lakini msingi ni uleule: paneli zinazokunjika kwenye bawaba, reli, kebo na springi. Kila dola unayotozwa inaangukia kwenye kimojawapo, au kwenye mikono ya anayevifunga. Ukikijua kila kimoja kinafanya nini, unaweza kuisoma bei.

Swali la kwanza ni kama mlango wote ubadilishwe. Springi peke yake ingetugharimu dola mia tatu na kitu, na kwa mlango ulio mzima hilo ndilo jibu sahihi. Hakuna sababu ya kuung'oa mlango mzuri kwa sababu chuma kimoja kimechoka. Wetu ulikuwa na ugonjwa mwingine. Minnesota humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Gari huingia nayo gereji ikiwa imeganda chini ya bodi, huyeyuka usiku, na maji hayo ya chumvi hukaa kwenye sakafu, mguuni pa mlango. Mtu wa pwani anajua chumvi inavyofanya mabati. Paneli yetu ya chini ilikuwa imeliwa na kutu mpaka mahali kebo inapofungwa, na hapo ndipo panapobeba mvuto wote wa springi. Paneli ya pili ilikuwa imepinda zamani, kabla yetu, na modeli hiyo haikuwa ikitengenezwa tena. Fundi alisema wazi kwamba springi mpya kwenye mguu uliooza ni hatari. Tukakubaliana kubadilisha wote, lakini nikamwomba muda wa kutafuta bei nyingine, naye akasema ndivyo inavyotakiwa.

Zilikuja bei tatu. Ya chini ilikuwa dola 1,390, ya kati 2,860, ya juu 4,200. Kwa mtazamo wa haraka, mmoja anakuonea huruma na mwingine anakuibia. Niliwaandikia wote watatu nikiomba mchanganuo: kila kitu kwa jina lake, kipimo chake na bei yake. Karatasi ziliporudi, nilikuta zilikuwa bei za milango mitatu tofauti.

Tuanze na bati. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa maana ya geji; ameshanunua mabati ya geji 28 au 30 na anajua kwamba namba ikipanda, bati linapungua unene. Hesabu ni hiyohiyo kwa milango. Bei ya chini ilikuwa ya geji 28, bati lisilofika nusu milimita, tabaka moja tu bila kitu nyuma yake. Mpira wa watoto unaliacha na bonde. Bei ya juu ilikuwa ya geji 24, karibu milimita 0.6. Ya kati ilikuwa geji 25 kwa nje, povu katikati, na bati jingine ndani. Mlango wa tabaka tatu ni mgumu kuliko geji yake inavyoonyesha, kwa sababu povu lililoshikamana na mabati mawili hulizuia bati la nje lisibonyee.

Povu lenyewe lina aina mbili. Polistirini ni yale mabamba meupe mepesi tunayoyajua kwenye maboksi ya televisheni. Hukatwa na kupachikwa ndani ya paneli. Poliurethani humiminwa ikiwa majimaji, ikavimba na kujaza kila pembe. Nguvu ya kuzuia baridi hupimwa kwa namba inayoitwa R, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyochelewa kupita. Milango ya polistirini mara nyingi iko kati ya 6 na 9, ya poliurethani kati ya 12 na 18. Lakini namba hiyo kwa kawaida hupimwa katikati ya paneli, wakati baridi nyingi hupita kwenye maungio na kandokando. Mlango wa R 18 wenye mpira mbovu wa pembeni utashindwa na wa R 9 uliozibwa vizuri. Kwa hiyo dola 95 za mipira ya pembeni na juu, ambazo bei ya chini haikuwa nazo kabisa, zilikuwa na maana kwa chumba cha watoto kuliko kuongeza namba ya R. Mtu mwenye gereji iliyojitenga na nyumba, isiyo na joto, hana haja ya kulipia povu zito. Mwenye chumba juu yake analihitaji.

Kisha springi, sehemu ambayo wauzaji huitaja kwa haraka kuliko zote. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko 10,000. Mzunguko mmoja ni kufungua na kufunga. Namba hiyo inasikika kubwa mpaka uigawe. Katika nyumba yetu, zamu mbili na watoto wa shule, mlango hufunguka si chini ya mara sita kwa siku. Mizunguko 10,000 inakwisha kwa miaka minne na nusu. Springi za mizunguko 25,000, zenye waya mnene zaidi na urefu mkubwa zaidi, zingechukua zaidi ya miaka kumi na moja, na tofauti ya bei ilikuwa dola 120. Kuja kubadilisha springi mara moja tu katikati ya kipindi hicho ni dola mia tatu na kitu, pamoja na asubuhi nyingine ya kushindwa kufika kazini. Sijaona mahali pengine katika nyumba ambapo dola 120 zinafanya kazi kubwa hivyo. Springi za kawaida hazina ubaya kwa wazee wawili wanaotoka mara moja kwa siku; kwao kutoka na kurudi ni mizunguko miwili, na 10,000 inachukua zaidi ya miaka kumi na mitatu. Lazima kila nyumba ipige hesabu yake.

Springi pia ndiyo sababu huwezi kubadilisha paneli peke yake ukabaki na vyuma vya zamani. Mlango mpya wenye povu na mabati mawili ni mzito kuliko wa zamani, na springi huchaguliwa kwa uzito kamili: unene wa waya, upana wa duara, urefu. Fundi wetu alipofika siku ya kazi aliuweka mlango juu ya mizani ya bafuni, ile ya kupimia uzito wa mtu, akasoma, ndipo akazikaza springi. Bei ya chini ilipanga kutumia reli na vyuma vya zamani. Nilimuuliza fundi kuhusu hilo. Akasema reli ya zamani ikiwa imepinda kidogo tu, rola zinavutana, mota inafanya kazi ya ziada, na ndani ya miaka miwili utalipia mota uliyodhani umeiokoa. Watengenezaji wengi pia hukataa kuheshimu waranti ya mlango mpya uliofungwa kwenye reli za zamani.

Rola zenyewe ni vitu vidogo vinavyosahaulika. Za plastiki tupu hupiga kelele na kulika. Za nailoni zenye gololi ndani hupita kimya. Kwa mtu anayetoka saa kumi na moja alfajiri huku watoto wamelala juu ya gereji, hilo si anasa.

Baada ya hapo inakuja kazi. Kung'oa mlango wa zamani na kuutupa, dola 125. Ubao wa fremu uliooza chini, dola 130. Kufunga, dola 450. Kuna watu wanaoona dola 450 za kazi ya nusu siku kuwa nyingi, na mafundi wa kweli wanastahili kutetewa hapa. Springi iliyokazwa imeshika nguvu ya kuinua kilo 90, na fimbo ya kukazia ikifyatuka mkononi mwa asiyejua, inavunja mfupa. Vibano vya chini vinavyoshika kebo viko katika mvuto huohuo hata mlango ukiwa umefungwa. Sehemu kubwa ya kazi za nyumba mtu anaweza kujifunza na kufanya mwenyewe, kupaka rangi, kubadilisha bomba, kuweka vigae. Springi ya gereji iachwe kwa fundi. Dola hizo zinanunua mikono iliyokwishajifunza mahali pa kusimama.

Mota ilikuwa dola 460 katika bei ya kati, na bei ya chini haikuitaja. Hapo sheria inahusika. Tangu tarehe 1 Januari 1993, mota za milango ya nyumba zinazotengenezwa kwa soko la Marekani lazima ziwe na kinga ya kuzuia mlango usimkandamize mtu, kwa kawaida macho mawili ya kielektroniki yanayofungwa pembeni, si zaidi ya inchi 6 kutoka sakafuni, ili hata mtoto anayetambaa akatize mwale wake. Sheria hiyo ilikuja baada ya watoto kufa chini ya milango hii. Mota yetu ilikuwa ya zamani na macho yake yalikuwa yameegeshwa juu ya rafu, yakitazamana yenyewe. Aliyetangulia alifanya hivyo ili mlango usimsumbue. Tulipoliona hilo, mjadala wa mota mpya uliisha. California nayo, baada ya mioto ya 2017 kukata umeme na kuwanasa watu majumbani, iliamua kwamba kuanzia Julai 2019 kila mota mpya ya nyumba iwe na betri ya akiba. Minnesota haina sharti hilo, lakini mwenye mzee au mgonjwa nyumbani afikirie kulipia betri hiyo.

Basi turudi kwenye ile jumla. Bei ya kati ilisomeka hivi: paneli, reli na vyuma vyote 1,480, springi ndefu 120, kufunga 450, kung'oa na kutupa 125, mipira 95, fremu 130, mota 460. Jumla 2,860. Nikaichukua bei ya chini, 1,390, nikamtaka muuzaji aongeze vilivyokosekana. Kutupa mlango wa zamani 150, mipira 110, fremu 180, mota 550. Imefika 2,380, na bado ni bati moja la geji 28, lisilo na povu, kwenye reli kuukuu, na springi za miaka minne na nusu. Tofauti ya kweli ilikuwa dola 480, wala haikuwa 1,470 kama karatasi ya kwanza ilivyoonyesha. Bei ya juu ilikuwa halali pia: bati nene, vioo viwili-viwili, na sura ya mbao. Anayetaka uzuri huo alipe kwa moyo mweupe, akijua kwamba ananunua uzuri. Sisi tulichukua ya kati.

Wauzaji watakwambia pia kwamba mlango mpya unajilipa nyumba ikiuzwa. Ripoti ya kila mwaka ya Cost vs. Value, inayolinganisha gharama za ukarabati na kinachorudi wakati wa mauzo, mwaka 2024 ilikadiria wastani wa Marekani kuwa dola 4,513 kwa mlango wa futi 16 wenye povu, na kurudi kwa asilimia 193.9. Ni kweli. Lakini mwaka 2023 ripoti hiyohiyo ilisema asilimia 102.7. Tena hesabu yake inachukulia kwamba mota ya zamani inabaki. Mlango mzuri unapendezesha nyumba mbele ya mnunuzi, hilo halina ubishi, ila asilimia inayopanda hivyo ndani ya mwaka mmoja si ahadi ya kukopea. Badilisha mlango kwa sababu wa zamani umechoka au ni hatari.

Mahali unapoishi pia pana sauti katika bei. Florida, ambako kimbunga Andrew cha 1992 kilisukuma milango ya gereji ndani na upepo ukainua mapaa kutoka chini, mlango lazima ukidhi vipimo vya upepo, na bei inapanda. Kwenye mitaa yenye umoja wa wamiliki wa nyumba, rangi na mtindo huamuliwa na umoja; uliza kabla ya kuagiza. Chuma nacho kina siasa yake: ushuru wa asilimia 25 uliowekwa na Marekani mwaka 2018 kwa chuma cha kutoka nje ulifika mpaka kwenye karatasi za mafundi wa mitaani.

Ndugu zangu mnaonunua nyumba za kwanza huku ugenini, msione aibu kuomba mchanganuo, hata kama Kiingereza chenu kinayumba na muuzaji ana haraka. Kuuliza si ujinga. Ulizeni geji ya bati la nje. Ulizeni kama kuna povu, na la aina gani. Ulizeni springi ni za mizunguko mingapi, kisha mgawanye kwa siku zenu. Ulizeni kama reli na rola ni mpya, kama mipira imo, nani anautupa mlango wa zamani, na kama bei inahusisha mota. Mkiahidiwa waranti ya maisha, ulizeni kama inalipa na kazi ya fundi au kipuri peke yake. Na kila baada ya miezi michache, mlango ukiwa umefungwa, vuteni ile kamba nyekundu inayoutenga na mota, muuinue mpaka nusu kwa mkono, muuachie taratibu. Ukibaki pale ulipo, springi ziko sawa. Ukishuka au kupaa, mwiteni fundi siku hiyohiyo, kabla ya Januari kuwaita.